Meza ya kuzungusha ndani ya HiAce: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tanga

Lalamiko lilikuwa moja: meza inainama. Ukiweka kikombe cha chai upande wa mbali kinateleza, na ukiegemeza kiwiko ukingo unashuka vidole vitatu. Gari lenyewe ni Toyota HiAce, ile ndefu, iliyowahi kubeba abiria kabla ya kung'olewa viti na kugeuzwa gari la kulala. Kulia kuna benchi refu linalokunjuliwa kuwa kitanda. Kushoto, nyuma tu ya mlango wa kuburuza, kuna kabati la jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6. Meza imeshikiliwa na mkono wa chuma unaotokea ukutani, kwenye ukingo wa nyuma wa mlango huo, ili izungushwe mbele ya benchi wakati wa kula, irudishwe pembeni wakati wa kulala, na ikiwezekana itolewe hadi nje, watu wanywe chai chini ya mwembe.

Wenye gari ni mume na mke wa hapa Tanga mjini. Mzee amestaafu kazi za bandari, mama ni mshonaji wa miaka mingi. Watoto wao wako Moshi na Arusha, jamaa wengine wako Lushoto na Pangani, nao wameamua kuwazungukia kwa gari lao na kulala humo humo, bila kumsumbua mtu chumba. Mama anasafiri na cherehani yake ya mkono. Cherehani hiyo ndiyo iliyonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito zaidi ya meza ya chai, maana mashine ya chuma ya aina hiyo ina kilo 12 hivi, na ikishonewa inatikisa.

Walipofika, lawama yote ilikuwa imeangukia ubao. "Fundi, hii mbao imelainika kwa joto la Tanga," mzee aliniambia baada ya salamu. Gereji iliyoifunga mara ya kwanza ilikuwa na mawazo hayo hayo. Ubao wa kwanza ulipoanza kushuka, walishauri uwekwe mnene zaidi, wakaweka MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18, urefu sentimita 90 na upana 55. Ubao wa kipimo hicho una karibu kilo 6.7. Yaani tiba iliongeza mzigo, na meza ikazidi kushuka.

Nilianza kwa kuufungua ubao na kuuwekea rula ndefu ya chuma, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Ulikuwa umenyooka. Ubao haukuwa na hatia yoyote. Nikaushika mkono wa chuma uliobaki ukutani, nikaukandamiza kwa kiganja huku mzee akimulika tochi kwenye sahani ya chuma iliyofungwa ukutani. Hapo mambo yakajionyesha yenyewe. Sahani ilikuwa ikiachia bati upande wa juu na kulidumbukiza ndani upande wa chini. Nikiachia, inarudi. Rangi kuzunguka skrubu za juu ilishapasuka, na matundu yalikuwa yamevutika yakawa marefu kwenda juu, hayana tena umbo la duara. Ndani ya tundu moja kulikuwa na vumbi la kutu, jekundu na laini.

Bati la bodi ya gari halifiki milimita moja unene. Skrubu ya bati ikiingia humo inashikilia kwa uzi mmoja, pengine mmoja na nusu. Inatosha kushikilia pambo la mlango. Haitoshi kushikilia kitu kinachovutwa.

Na huu ni mvuto mkubwa kuliko mtu anavyodhani akiitazama meza. Tufanye hesabu pamoja, maana ndiyo kiini cha kisa chote. Ubao wa kilo 6.7 kitovu chake kiko nusu mita hivi kutoka ukutani. Zidisha, unapata kama 3.4. Mtu mzima akiegemeza viwiko ukingoni anaweza kuweka kilo 20 bila kujijua, na ukingo uko sentimita 90 kutoka ukutani. Zidisha tena, unapata 18. Jumla ni kama kilo-mita 21 zinazotaka kuing'oa sahani kutoka juu. Sasa angalia sahani: skrubu za juu na za chini zilikuwa zimeachana sentimita 8 tu. Gawanya 21 kwa 0.08. Skrubu za juu zinavutwa kwa zaidi ya kilo 260. Mtu ameegemea tu anasubiri chai, na ukutani kuna mvuto wa magunia mawili na zaidi ya mahindi.

Chukua meza ile ile, mtu yule yule, viwiko vile vile, lakini sehemu mbili za kufungia ziachane nusu mita. Gawanya 21 kwa 0.5. Mvuto unashuka hadi kilo 42. Hujaongeza unene wa chuma hata kidogo, umeongeza nafasi tu kati ya shikio la juu na la chini. Kila ninapoona meza ya namna hii imefungwa kwa sahani fupi nene, yenye bolti nne zilizobanana, najua mtu amenunua chuma mahali ambapo angetumia umbali, ambao ni bure.

Hata hivyo ukuta haukuwa mkosaji peke yake. Nilitaka kujua kila sentimita ya kushuka inatoka wapi, kwa sababu ukirekebisha sehemu moja na kuacha nyingine mteja anarudi. Ukingo ulishuka karibu sentimita 5 ulipokandamizwa. Sahani ilikuwa ikitoka ukutani milimita 2.5 upande wa juu, na kwa kipimo cha sentimita 8 hiyo inakuwa sentimita 2.8 kule mwisho wa meza. Halafu kuna kiungo cha kwanza, pale mkono unapozungukia. Kilikuwa kipande cha bomba kilichovishwa juu ya kingine kwa kina cha sentimita 6, na nafasi ya milimita moja hivi katikati. Milimita moja kwenye kina cha sentimita 6 inazaa sentimita 1.5 ukienda nje sentimita 90. Kiungo cha pili, chini ya ubao, kilikuwa na kina cha sentimita 4 na nafasi ya nusu milimita, kikachangia milimita 6 zilizobaki. Hesabu ikakaa. Na ukiangalia vizuri, makosa yote matatu ni kosa moja: mashikio yaliyokaribiana mno.

Kulikuwa na matatizo mengine ambayo wenyewe hawakuyataja mpaka nilipouliza.

La kwanza ni kona. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ina kona za kutosha kuijaribu meza yoyote, na meza hii ilikuwa imezuiwa na komeo dogo la dirisha lililopigiliwa skrubu kwenye fremu ya kabati. Komeo lilikuwa likijifungua lenyewe. Mama alikuwa akisafiri na mkono mmoja umeshika meza. "Mwanangu, mimi nikifika Soni nimechoka kuliko gari," aliniambia. Mzee yeye alikuwa ameshaizoea hali hiyo, jambo lililonisikitisha kidogo, maana hapo ndipo kuna hatari ya kweli. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinajisukuma mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Meza pamoja na mkono wake, jumla kilo 10, inasukuma kwa kilo 200. Komeo la dirisha halina habari na kilo 200.

La pili ni kukwama. Kiungo kilikuwa na bushi, yaani pete za kuzungukia, za nailoni, na wakati wa masika meza ilikuwa haizunguki mpaka isukumwe kwa nguvu, kisha inaruka ghafla. Nailoni hunywa maji kutoka hewani na kuvimba. Hapa kwetu, ambako shati likianikwa jioni linaamka na unyevu, bushi ya nailoni iliyokerezwa ikae sawasawa wakati wa kiangazi itabana mvua zikianza. Na aliyeifunga, kwa kuliona hilo, aliipanua ndani, ndipo ikapatikana ile nafasi ya milimita moja. Tatizo moja lilitatuliwa kwa kuzaa jingine.

La tatu ni ule mwembe. Niliizungusha meza mpaka nje ya mlango nikamwomba mama asimame chini, penye udongo. Ubao ulimfika kifuani. Sakafu ya HiAce iko zaidi ya nusu mita kutoka ardhini, na meza ndani ilikuwa sentimita 70 juu ya sakafu hiyo. Jumlisha. Nje ya mlango ulikuwa na kaunta ya duka kwa mtu mrefu. Hakuna kiti cha kawaida kinachokaa chini ya meza ya kimo hicho, na hakuna mshonaji anayeweza kuzungusha mkono wa cherehani iliyo sawa na kidevu chake. Walikuwa wamesafiri na meza ya kutolewa nje ambayo haijawahi kutumika nje, na kila mmoja alidhani sababu ni uvivu wa kuitoa.

Tulikaa kwenye benchi tukazungumza kwanza, kabla ya kushika grenda. Naamini sehemu hii haipaswi kurukwa. Nilimuuliza mama, si mzee, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa mezani muda mrefu.

"Mama, ukiwa na meza yoyote unayoitaka, utaifanyia nini zaidi?"

"Kushona. Chai nitanywa hata nikiwa nimeshika kikombe."

"Na usiku?"

"Usiku nataka kupita kwenda kulala bila kunyanyua kitu. Magoti yangu haya hayataki kuinama na mzigo."

Majibu hayo mawili yaliondoa njia mbili ambazo mimi mwenyewe ningezipendelea kwa urahisi. Meza ya bawaba, inayoning'inia ukutani na kunyanyuliwa, ni imara na ya bei nafuu, lakini kwenye gari hili ingeziba njia ya kwenda kitandani. Meza ya mguu mmoja wa kuchomeka sakafuni ni nzuri vilevile, ila kila usiku lazima ing'olewe, ibebwe na itafutiwe mahali. Mzee alikuwa ameona kwenye simu mguu wa Lagun, ambao wenye magari ya kulala Ulaya huutumia sana: mguu unaingia kwenye shikio la ukutani, juu yake kuna mkono unaozunguka, na unakazwa kwa vishikio vya mkono. Ni kifaa kizuri. Lakini nacho shikio lake linahitaji ukuta wa kushika, na ukuta ndio uliokuwa mgonjwa wetu. Ukifunga kifaa kizuri kwenye bati la chini ya milimita moja, bati litabaki lile lile.

Tukabaki na meza ya kuzungusha, ila ijengwe upya kuanzia sakafuni.

Nguzo mpya ni bomba la stenlesi la inchi moja na nusu lililosimama wima kwenye ukingo wa nyuma wa mlango. Chini limefungwa kwenye sakafu na juu kwenye nguzo ya bodi, na mashikio hayo mawili yameachana sentimita 50. Ndani yake linaingia bomba la inchi moja lenye ukuta mnene, na hilo ndilo linalozunguka likiwa limebeba mkono. Kwa hiyo la nje halisogei kamwe, la ndani linazunguka na kupanda au kushuka. Bushi ziko mbili, moja kila mwisho wa bomba la nje, sawa kabisa na mashikio. Hilo ni jambo la kuzingatia: ukiweka bushi katikati ya bomba, mvuto unalipinda bomba kwanza kabla ya kufika kwenye shikio.

Bushi tumekereza kwa shaba ya njano. Shaba hainywi maji, na inakubaliana na stenlesi. Ningeweza kuachia stenlesi izunguke ndani ya stenlesi, lakini chuma hicho kikisuguana chenyewe kwa chenyewe kina tabia ya kukwaruzana na kung'ang'aniana mpaka hakitoki. Fundi wa kerezo aliacha nafasi ndogo sana, kiasi cha kuingiza grisi nyembamba. Kwa kina cha nusu mita nafasi hiyo haionekani kule mwisho wa ubao. Kuhusu aina ya stenlesi, nilitafuta ile ya 316 kwa vipande vya nje vinavyopigwa na hewa ya chumvi, kwa kuwa ina madini ya molibdeno na inastahimili chumvi kuliko 304. Ndani ya nguzo 304 inatosha. Hii ndiyo sehemu iliyogharimu fedha nyingi kuliko zote, na mzee alisita. Nilimwonyesha vumbi jekundu la kwenye lile tundu la skrubu. Akakubali.

Kabla ya kutoboa sakafu nililala chini ya gari. Siwezi kulisisitiza hili kiasi cha kutosha. Chini ya sakafu ya gari kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya, na drili haichagui. Tulitumia sehemu ambayo kiwanda kiliiimarisha kwa ajili ya bolti za viti vya abiria, tukaweka bamba la milimita 3 upande wa chini ili bolti zisivute bati tupu, nati za kujifunga, kisha redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kwenye kila ukingo uliotobolewa na silikoni kuzuia maji. Juu, kwenye nguzo ya bodi, bamba la ndani liliingizwa kupitia tundu la kiwandani lililofunikwa na plastiki. Ukiyatafuta matundu hayo kwa subira, mara nyingi hulazimiki kukata kitu.

Kuisimamisha nguzo wima kulichukua muda mrefu kuliko kuichomelea. Gari liliwekwa kwenye sakafu ya zege, pimamaji ikawekwa kwenye sakafu ya gari kwa urefu na kwa upana, tairi moja ikaongezwa upepo, kisha nguzo ikapimwa kwa pande mbili. Sababu yake kila mtu mwenye geti nyumbani anaijua: nguzo ya bawaba ikilala kidogo tu, geti linajifungua au linajifunga lenyewe. Meza ni vivyo hivyo. Na hata nguzo ikiwa wima kabisa, gari likiegeshwa mlimani kila kitu kinalala nalo. Kwenye mteremko wa nyuzi 5, meza yenye cherehani juu yake inasukumwa kuelekea bondeni kwa nguvu inayokaribia kilo moja pale ukingoni. Ndogo, lakini inatosha kuianzisha safari, na cherehani ikishaanza kwenda huizuii kwa kidole. Kwa hiyo mwisho wa juu wa bomba la nje umepasuliwa, pamoja na bushi yake, ukachomelewa masikio mawili yanayobanwa na bolti yenye mkono. Ukikaza, meza inaganda popote ilipo.

Kubana huko ni kwa matumizi, si kwa safari. Mtikisiko wa barabara hulegeza chochote kinachoshikiliwa kwa msuguano. Kwa safari kuna pini ya chuma ya milimita 10 inayosukumwa na springi, inaingia kwenye tundu la bamba lililofungwa kwenye shikio lile lile la nguzo. Sikuigusa fremu ya kabati. Pini yenyewe haikuwahi kunitia wasiwasi, wasiwasi ulikuwa ni kile inachoingia. Pini nene ndani ya ubao wa milimita 16 itaondoka na kipande cha ubao.

Wakati wa safari mkono unalala mbele ya kabati na ubao unageuzwa nyuma, ulale juu ya kabati ukiegemea vipande vya mpira. Jiko limezamishwa ndani ya kabati, kwa hiyo ubao unapita juu yake. Nimewaambia, na nimeandika kwa rangi pembeni ya kabati, kwamba ubao haurudishwi pale mpaka jiko lipoe na mtungi ufungwe. Mzee aliona maandishi hayo hayana haja. Mama alisema yabaki.

Kile kiungo cha pili, chini ya ubao, nilikibadilisha kabisa. Badala ya bomba fupi ndani ya bomba, kuna sahani mbili za duara za chuma, kipenyo sentimita 15, zinazolaliana, katikati zina karatasi ngumu ya plastiki na bolti moja ya kati. Upana wa sahani ndio unaoshika. Pini ya pili, ndogo, inafunga sahani hizo zisigeuke safarini.

Ubao ulileta mjadala mtamu. Mzee alitaka mtiki. Nani asiyeutaka? Sisi wa mkoa huu tuna shamba la mitiki la Longuza kule Muheza, na mtu akiona ubao wake umepigwa msasa na mafuta, ile rangi ya asali na mistari yake, plaiwudi inakuwa kitu cha kusikitisha. Lakini nilimpigia hesabu. Meza mpya tumeipunguza iwe sentimita 75 kwa 48, kwa kuwa mtu mmoja anashona na wawili wanakula, hakuna harusi humu. Kwa mtiki wa milimita 25 ubao huo ungekuwa na karibu kilo 6. Kwa plaiwudi ya milimita 15 una kilo 3 na kidogo. Tukakubaliana: plaiwudi iwe ubao, mtiki uwe ukingo. Ukingo wa mtiki umeinuliwa milimita chache juu ya ubao, kikombe kisiteleze, isipokuwa upande anaokaa mama, ambako umelazwa sawa ili kitambaa kiteleze bila kukwama. Pembe zote nne zimeviringwa kwa upana wa bakuli, maana kwenye njia ya sentimita 45 ni paja la mtu ndilo linalokutana na pembe gizani.

Kimo kiko kwa ngazi mbili, sentimita 70 kwa kula na 62 kwa kushona. Cherehani ina kimo chake juu ya ubao, na mikono ya mshonaji inafanya kazi juu ya kitanda cha mashine, pale kitambaa kinapolala. Ukimwekea meza ya kulia chakula, mabega yanapanda, na baada ya gauni moja shingo inauma. Mama aliijaribu akiwa ameketi kwenye benchi lake mwenyewe, godoro likiwa limebonyea kwa uzito wake, na sisi tukaweka alama pale alipotikisa kichwa kukubali. Kipimo cha kitabuni kingekuwa tofauti kwa sentimita kadhaa.

Kwa kushona kuna mguu wa kukunja chini ya ukingo wa mbali, wenye kiatu cha mpira. Wengine huuona mguu kama kushindwa, wakisema meza ya kuzungusha haitakiwi kuwa na mguu. Sikubaliani nao. Mkono wa cherehani ukizungushwa, meza inayoning'inia itacheza juu chini hata kama kila kiungo kimebana, kwa sababu chuma chenyewe kina mnyumbuko. Mguu ukigusa sakafu, mzigo wa cherehani unashuka moja kwa moja na nguzo inabaki na kazi ya kushikilia isizunguke tu. Bila mguu, ukiegemewa kwa kilo 20, ukingo unashuka chini ya sentimita moja. Kwa chai inatosha kabisa.

Kuhusu mwembe, nilimwambia mzee ukweli kwamba meza hii haitatoka nje ikiwa kwenye mkono wake. Uso ulimwanguka kidogo. Kwa hiyo bolti ya kati ya zile sahani tuliipa kishikio: ukiifungua, ubao unanyanyuka peke yake, kilo 3 na kidogo pamoja na uzito wa sahani ya juu, na nje unakaa juu ya stendi ya miguu minne ya kukunja ambayo husafiri imelala chini ya benchi. Stendi ina kimo cha meza ya kawaida, na viti vyao vya kukunja vinaingia chini yake. Miguu ya stendi ina vikanyagio vipana kwa ajili ya mchanga wa Pangani.

Wamekwenda Lushoto nayo na kurudi. Mzee alipiga simu akiwa Soni, akaniambia mama amelala usingizi kwenye kona. Kasoro iliyobaki ni kwamba mtu aliyekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, lazima aondoe miguu kabla ubao haujazungushwa, na hilo halina dawa kwenye gari la upana huu bila kufupisha mkono, na mkono ukifupishwa meza haimfikii mama vizuri. Tumechagua mama. Bolti zote zimekazwa upya baada ya safari hiyo, kwa kuwa rangi na silikoni hubonyea mwanzoni na kuacha ulegevu, na bushi zitatiwa grisi kabla ya kila masika.

Mama ameomba droo ya nyuzi na sindano chini ya ubao. Hiyo nimeikataa, kwa sababu kila kitu kinachoning'inizwa kule mwisho kinazidishwa na umbali wake. Droo tumeichonga kwenye uso wa benchi, upande wa kulia, mkono wake unapofika akiwa ameketi.